Niliandika Tumbo

Jumatatu, 5 Mei

Mteja wa Mabatini amerudisha makochi. Kitambaa cha bluu alikichagua mwenyewe. Amefika nayo nyumbani, mume amesema bluu ni ya hospitali. Sasa anataka kahawia, na anataka kabla ya Jumamosi. Nimeshinda nikibandua pini, moja moja. Shija, ninayefanya naye kazi, amecheka mpaka akakaa juu ya sponji.

Zamani wateja wa namna hii Paskazia ndiye aliyekuwa anawamaliza. Alikuwa akishona huku ameshika pini tatu kwa midomo, anaongea kwa pembeni. Mteja anaogopa asije akazimeza, anakubali upesi ili anyamaze. Mwaka mmoja na miezi miwili sasa tangu mke wangu aondoke. Cherehani yake naitia mafuta kila mwisho wa mwezi. Hakuna anayeitumia.

Kabula ameleta karatasi kutoka shuleni. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana wa miaka tisa mpaka kumi na nne, Alhamisi ya wiki ijayo, mzazi asaini. Nimesaini palepale juu ya mkono wa kochi. Binti yangu anatimiza kumi na tano mwisho wa mwezi huu. Yuko darasa la saba na umri huo kwa sababu mwaka mzima aliupoteza akimuuguza mama yake. Kwa hiyo ni Alhamisi hiyo au basi.

Nimemrudishia karatasi. Nilidhani hilo limekwisha.

Jumatano, 7 Mei

Halijakwisha. Dada Milembe amekuja kutoka Kisesa na kuku mmoja na hasira nyingi.

Kabula alimpigia simu kumsalimia, akamtajia sindano. Dada anasema sindano ile inafunga kizazi. Kila mtu anajua. Eti kuna binti mmoja huko Magu alichomwa, akaota ndevu. Nimeuliza jina la huyo binti. Hana jina. Hawa mabinti wa habari hizi huwa hawana majina, wala baba, wala kijiji chenye balozi.

Amesema siku ya mahari ya Kabula nani atakaa mbele? Shangazi. Na mtoto akikaa miaka mitatu kwa mume bila kushika mimba, ng'ombe wanadaiwa kwa nani? Watakuja kusimama uwanjani kwake Kisesa, siyo kwangu Igoma nilikojaza masponji. Ni kweli, kwetu ndivyo ilivyo. Shangazi ana neno lake juu ya mtoto wa kaka yake. Isitoshe, huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipofariki, naye akiwa bado mtoto. Siwezi kumpandishia sauti. Najua hivyo, naye anajua.

Nimemweleza kwa upole kwamba chanjo hii ni ya ugonjwa uleule uliomuua mama yake Kabula. Ameniangalia kama anavyoangaliwa mlevi.

“Paskazia alikufa kwa tumbo,” amesema. “Ulisoma mwenyewe, Masanja, mbele ya jeneza, na kipaza sauti mkononi. Leo ni mlango gani tena?”

Nimekunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Alhamisi, 8 Mei

Sikufanya kazi ya maana leo. Nimemkasirikia Dada tangu asubuhi, na kila nikifika mwisho wa hasira namkuta mtu mwingine amesimama pale. Mimi.

Siku ya msiba walinipa karatasi niandike wasifu wa marehemu. Nimefika kidato cha pili na mwandiko wangu unasomeka. Kuzaliwa Ukerewe. Ubatizo. Ndoa. Mtoto mmoja. Kisha nikafika kwenye ugonjwa. Huwezi kuruka ugonjwa. Watu wanavumilia ubatizo na shule ili wafike pale. Niliandika saratani, nikakata. Niliandika kuugua kwa muda mrefu, nikaona watauliza kuugua nini. Niliandika tumbo.

Sababu naiweka hapa, ambako hakuna wa kuisoma. Daktari alitukalisha wote wawili. Alisema saratani hii inaanzishwa na kirusi, kinaitwa HPV, na kirusi hicho watu huambukizana kwa kujamiiana. Alisema si UKIMWI, alirudia mara mbili. Ni kirusi kingine kabisa. Karibu kila mtu aliyeoa au kuolewa amewahi kukutana nacho, na wengi miili yao inakiondoa bila wao kujua. Wachache kinabaki. Kinakaa miaka kumi, hata ishirini, kimya, kinaharibu kidogo kidogo. Aliongea vizuri sana yule daktari. Mimi nilisikia neno moja tu.

Basi nikawaona wakwe zangu, wamevuka ziwa na meli, wamekaa kwenye mkeka, neno hilo linawafikia kwa kipaza sauti. Wangeuliza, alikipata wapi? Au wasingeuliza, wangeniangalia tu. Nilijiambia Paskazia asingependa. Uongo. Paskazia alikuwa mtu wa kusema. Mimi ndiye niliyeogopa.

Kwa hiyo sasa mtoto wa mtu aliyekufa kwa tumbo anachanjwa mlango wa kizazi. Hata mimi ningekataa.

Jumamosi, 10 Mei

Makochi ya Mabatini yameondoka, kahawia. Mteja ameuliza kama ile bluu ilikuwa mbaya kweli.

Shija ana miaka ishirini na sita na anajua kila kitu kwa kuwa ana simu. Amesikia mambo ya Dada. Ameniambia, “Bosi, mtoto unamchanja ugonjwa wa watu wazima. Si ndiyo unampa ruhusa?”

Nimemuuliza kama yeye alichanjwa pepopunda.

“Nilichanjwa.”

“Na ndiyo ukapewa ruhusa ya kukanyaga misumari?”

“Bosi, mimi humu ndani si nakanyaga kila siku?”

Ameshinda. Amecheka peke yake. Nimekwenda nje kupaka gundi kwenye fremu ambayo haikuhitaji gundi.

Mama mmoja aliyekuja kuulizia foronya amesikia na yeye, akanishauri mwarobaini, kikombe asubuhi na jioni. Kila mtu ana dawa. Paskazia alipokuwa analia usiku kucha hawakuwa na dawa hawa, walikuwa na pole.

Jumatatu, 12 Mei

Dada amemchukua Kabula.

Jana baada ya misa alikuja mpaka mlangoni mwa kanisa, akaniomba mtoto akale naye mchana Kisesa. Nilifurahi, kweli. Nilidhani ni kuku wa suluhu. Jioni mtoto hakurudi. Nimepiga simu. Dada amepokea, amesema kuna karanga za kubangua, mtoto atarudi Ijumaa.

Ijumaa. Chanjo ni Alhamisi.

Nimesema shule. Amesema shule haikimbii. Nimesema, Dada, nakuomba. Amesema nimsalimie Shija. Kisha simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani. Simu yake haina chaji siku nne kwa wiki, anaichajia dukani, na akitaka isipatikane haendi dukani.

Mwalimu wake Kabula amenipigia saa nne kuuliza mbona hayupo. Nimemwambia kuna dharura ya kifamilia. Nimezoea sasa kusema maneno yasiyo na kitu ndani.

Nimechoka na watu wanaopenda mtoto wangu.

Jumanne, 13 Mei

Nimefunga karakana saa sita nikaenda zahanati. Nilitaka kujua kama Alhamisi ikipita kuna siku nyingine. Muuguzi wa dirisha la chanjo ni mama wa makamo, ameongea na mimi huku anapanga kadi za watoto. Amesema mpango unaishia miaka kumi na nne. Dozi ni moja tu, inatosha, lakini akishatimiza kumi na tano yeye hawezi kumwandika. Kabla ya hapo naweza kumleta zahanati, ila za akiba zimekwisha, na hajui nyingine zitaletwa lini. Siku ya uhakika ni ya shuleni.

Nilikuwa nimeshaaga. Nikarudi. Nikamuuliza swali ambalo kwa daktari lilinikaa kooni: yule aliyekileta kirusi nyumbani, anajulikana vipi?

Aliacha kadi.

“Baba, kile hakiji na barua ya utambulisho,” amesema. “Kipimo cha kusema kilitoka kwa nani na mwaka gani hakuna. Angeweza kuwa nacho kabla hajakuona. Wewe ungeweza kuwa nacho kabla hujamwona. Umekuja kwa ajili ya mama au kwa ajili ya mtoto?”

Nimesema mtoto.

“Basi mlete mtoto.”

Kabla ya Paskazia nilikaa na mwanamke Nyakato, karibu mwaka. Paskazia naye alikuwa amechumbiwa na mvuvi wa Kome, yakavunjika. Tuliambiana haya yote kabla ya ndoa, tukiwa tunakula ningu, samaki wa ziwani. Yeye hakuwa anakula sangara, alisema ni samaki wa viwanda. Tuliambiana na tukamaliza. Halafu mimi nikayafufua, peke yangu, yeye akiwa hayupo kunijibu. Huo ndio upumbavu.

Kesho nakwenda Kisesa.

Jumatano, 14 Mei

Nimewakuta uani, Dada na Kabula, wamekaa na ungo katikati, wanabangua karanga. Nimeamkia. Dada ameitikia marahaba bila kuinua macho. Kabula ameninong'onezea kwamba yuko mzima na anataka kurudi shule. Amenong'ona kwa sauti ambayo jirani angeisikia.

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njiani. Yamepotea. Nimetoa mfukoni karatasi ya hospitali, ile ya mwisho, nikaiweka kwenye ungo juu ya maganda. Nikasema, Dada, niliandika uongo. Halikuwa tumbo. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi na nilijua tangu siku ya kwanza.

Dada hajui kusoma sana. Ameisukuma karatasi kwa Kabula. Sikutaka mtoto aisome. Kabula hakuisoma.

“Shangazi, mimi ndiye niliyekuwa nafua vitambaa vya mama,” amesema. “Mwenye tumbo hatoki damu vile.”

Aliendelea kubangua. Mwaka na miezi miwili mtoto huyu amejua, na amekaa kwenye benchi la mbele akinisikiliza nikisoma. Nilitamani anitukane.

Nilidhani Dada ataniuliza kile nilichokiogopa. Nani alileta. Hakuuliza. Kilichomuuma ni kingine, na mimi sikukifikiria hata siku moja.

“Miezi minne nilikuja kwako na sufuria,” amesema. “Nachimba mizizi, nachemsha, nampa mgonjwa dawa ya tumbo. Chungu vile. Anakunywa anatapika, ananishukuru. Na wewe umesimama mlangoni unatuangalia.”

Nimesema ndiyo.

“Unatuangalia tu, Masanja.”

Nimesema ndiyo.

Ameingia ndani akafunga mlango. Nimesubiri. Nimegonga. Kutoka ndani amesema niende, mtoto atakuja au hatakuja, yeye hajui, aachwe. Kabula alinifanyia ishara ya mkono niondoke. Ningeweza kumshika mkono nikaondoka naye, mimi ndiye baba. Lakini kumvuta mtoto uani kwa mtu niliyemdanganya hivyo, nikamwacha amejifungia? Sikuweza. Nimeondoka bila mtoto na bila karatasi.

Sasa nimekaa hapa najiita mjinga. Upole mwingine ni uvivu wa moyo.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika kwa kirefu kwa sababu leo nimekimbia kama mwendawazimu na nataka ibaki mahali.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipiga simu ya Dada. Haipatikani. Nikaamua sisubiri. Nikachukua pikipiki mpaka Kisesa. Nimefika, uani hakuna mtu. Mlango una kufuli. Ungo umeegeshwa ukutani. Jirani amesema wameondoka mapema, lakini wameelekea wapi hajui, labda mnadani. Nilikwenda sokoni. Nilikwenda kanisani. Nilikwenda kwa binti yake mkubwa, naye akaanza kuniuliza kuna nini, nani kafa. Saa nne ikafika. Nikamwona Dada kichwani mwangu amempandisha mtoto gari la Magu, la Bariadi, kwa ndugu ambao hata sijui nyumba zao. Nilimlaani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya, kwa sauti, njia panda, watu wakanitazama.

Nikarudi shuleni nimwambie mwalimu basi. Niombe hata dozi moja iwekwe pembeni. Sikujua ningeomba nini.

Wauguzi walikuwa wanafunga sanduku lao la barafu. Na kwenye ngazi za stoo ya shule wamekaa watu wawili wanakula maandazi. Kabula amevaa sare iliyokunjamana, pamba imebandikwa begani. Dada ana khanga mbili kana kwamba ni Pasaka.

Walifika saa moja kasoro, wamepitia nyumbani kuchukua sare na ile karatasi niliyosaini, mimi nimeshaondoka. Walikuwa wa kwanza. Mwalimu amenisimulia huku anajizuia kucheka. Dada alimtaka muuguzi amwonyeshe kichupa, akakigeuza juu kwenye mwanga, akauliza kimetoka kwenye barafu saa ngapi. Akauliza kama kina dawa ya kufunga kizazi, mbele ya wazazi wote. Muuguzi akajibu hakina. Dada akamwambia aseme tena kwa nguvu, waliokaa nyuma hawajasikia. Akasema tena. Kisha Dada akawageukia wale akina mama akawaambia wifi yake alikufa kwa ugonjwa huu, mlango wa kizazi, na kwamba kaka yake aliandika tumbo kwa sababu ni mwoga. Ndivyo alivyosema, kwa maneno hayo. Mwalimu anasema wazazi wawili waliokuja kukataa wakakaa chini.

Nimesimama mbele yao nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Dada amenitazama kuanzia viatu.

“Wewe ndiye baba,” amesema, “na umechelewa.”

Amenipa andazi. Nimelila nikiwa nimesimama.

Bado amekasirika na mimi. Hilo halifichi, na mimi sijidanganyi. Wakati wa kuondoka amesema sufuria yake iliyobaki kwangu anaitaka. Tumepitia nyumbani. Nimempa. Aliishika kwa mkono mmoja, mbali na mwili, kama kitu kilichokufa.

Jumamosi, 17 Mei

Mkono wa Kabula unamuuma kidogo, basi. Hana ndevu. Shija amemkagua kidevu na kumpa cheti cha mdomo. Mtoto amecheka.

Mama wa foronya amerudi. Mwarobaini tena. Nimemwambia mke wangu alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, na inaanzishwa na kirusi, na kuna kipimo, aende akapime. Nimesema yote kwa pumzi moja, nimeshika nyundo. Ameondoka bila foronya.

Sikupata nafuu yoyote kwa kulisema. Watu husema utajisikia mwepesi. Nimejisikia nimechelewa.

Ijumaa, 23 Mei

Dada alikuja jana jioni, akalala. Hakusema amefuata nini. Leo wakati wa chai ameuliza pale zahanati wanawake wanapimwa siku gani, kile kipimo. Nimesema Ijumaa. Amesema anajua ni Ijumaa, anauliza kama nina kazi.

Ana miaka arobaini na tisa. Amezaa saba. Hajawahi kupima.

Nimekaa kwenye benchi la nje, mwanamume peke yangu, na mkoba wake mapajani. Akina mama waliniangalia, kisha wakazoea. Mmoja akaniuliza namsubiri mke. Nimesema dada.

Ametoka baada ya muda, akarudishwa ndani, akatoka tena. Dada amenieleza mwenyewe wakati tunatembea kuelekea barabarani, polepole, akiangalia mbele. Wanapaka kitu kama siki, wanasubiri kidogo, wanaangalia kwa taa. Palipo na tatizo panageuka peupe. Kwake pamegeuka, padogo. Siyo saratani, amesema muuguzi, ni pale ambapo ingeanzia kama pangeachwa. Wamepachoma kwa kifaa cha moto hapohapo. Imeuma kama tumbo la siku za mwezi. Asikutane na mume wiki kadhaa, arudi baada ya mwaka.

Amesema mume atafurahi kupumzika.

Nilicheka kidogo. Halafu nikashindwa kuendelea kutembea. Nimejifanya nafunga kamba ya kiatu. Kupaka, kuangalia, kuchoma. Mimi kuvika kochi la mtu mmoja kunanichukua muda mrefu kuliko huo.

Dada alisimama akanisubiri. Hakunigusa, hakusema pole. Nilipoinuka alinipokonya mkoba wake, akasema ana njaa na huko ziwani sato wa asubuhi wanakwisha mapema.

Tumekwenda. Amechagua mwenyewe, wawili, akawafunua mashavu kuona wekundu. Kabula amewakuta wameshaiva alipotoka shule. Tumekula watatu. Kisha nimerudi kazini.